Titi limevimba, daktari hakukuta donge, altrasaundi imeandika BI-RADS 4: je, nianze na predinisoloni?

Swali

*Shikamoo daktari. Nina miaka 37, mama wa watoto wawili. Wa mwisho nilimwachisha kunyonya mwaka na nusu uliopita. Wiki sita zilizopita titi langu la kushoto lilianza kuwa zito na lenye joto, likavimba kwa kasi. Zahanati waliniambia ni maambukizi, nikapewa antibayotiki za siku saba, kisha sindano. Maumivu yalipungua kidogo lakini titi halijashuka, na ngozi ya upande wa chini imekuwa nene yenye vitundu kama ganda la chungwa. Daktari aliyenipapasa hakukuta donge. Ripoti ya altrasaundi inasema: ngozi imenenepa milimita 5, mafuta chini ya ngozi yamevimba kwa maji, kuna eneo jeusi la sentimita 3 lisilo na mipaka inayoeleweka, mitoki kwapani, hakuna jipu. BI-RADS 4, ushauri biopsi. Dada yangu alipoona hiyo 4 alilia, akidhani ni hatua ya nne. Mama mkwe anasema sindano ya biopsi huamsha saratani. Jirani yangu alikuwa na titi kama hili, kumbe ni "granuloma", akapona kwa predinisoloni. Je, nitumie predinisoloni kwanza nione? Na kwa nini altrasaundi isiseme moja kwa moja ni nini?*

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa wiki hizi za mashaka. Nianze na jibu, maana najua ndilo unalolisubiri: usianze predinisoloni. Nenda ukachukuliwe kinyama cha kupimwa, ndiyo hiyo biopsi, na uende wiki hii, si baada ya kumaliza dozi nyingine ya antibayotiki. Sisemi hivyo kwa sababu nimeona saratani katika ripoti yako. Ripoti hiyo inaweza kuwa ya saratani, na inaweza kuwa ya ugonjwa unaopona bila kisu. Hakuna mtaalamu wa picha, hata awe na mashine nzuri kiasi gani, anayeweza kuyatenganisha hayo mawili kwa kuangalia tu.

Mwambie dada yako afute machozi kuhusu ile namba. BI-RADS ni mpangilio wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani wa kuandika ripoti za picha za matiti, unaoanzia 0 hadi 6. Unaeleza picha inatia shaka kiasi gani, basi. Hatua za saratani ni hesabu nyingine kabisa, na haziwezi kutajwa kabla saratani yenyewe haijathibitishwa. BI-RADS 4 maana yake ni kwamba uwezekano wa saratani uko popote kati ya asilimia 2 na 95. Utaona jinsi nafasi hiyo ilivyo pana, ndiyo maana wengi huigawa: 4A ni asilimia 2 hadi 10, 4B ni 10 hadi 50, 4C ni 50 hadi 95. Una haki ya kumuuliza aliyekupima alikuwa na shaka ya kiwango gani. Lakini herufi yoyote atakayokutajia, hatua inayofuata haibadiliki: ni biopsi.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo ndilo kiini cha yote. Altrasaundi hutuma sauti ya juu mno kwa sikio la binadamu, inayopita kwenye nyama laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, kisha hupokea mwangwi unaorudi na kuuchora. Haina mionzi, hata mjamzito hupimwa. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi. Mafuta ya titi huwa ya kijivu, tezi za maziwa huwa nyeupe zaidi, na ngozi ni ukanda mwembamba usiozidi milimita 2 hivi sehemu kubwa ya titi. Titi lenye mchochota, yaani lililovimba na kupata joto, hubadilika: ngozi hunenepa kama yako ilivyofika 5, mafuta hugeuka meupe, mpaka kati yake na tezi hufutika, na ndani yake hujitokeza vistari vyeusi vinavyokatana. Vistari hivyo ni mishipa ya limfu, yaani mifereji midogo inayoondoa maji kwenye nyama za mwili, na nafasi za katikati ya mafuta zilizojaa maji. Hicho ndicho ripoti yako inachokieleza.

Tatizo ni kwamba maji hayo hayasemi yametoka wapi. Katika maambukizi, mishipa ya damu hulegea na kuvujisha maji kwa sababu mwili unapigana na bakteria. Katika granuloma, chembe za kinga hujikusanya zenyewe ndani ya tezi na kuleta uvimbe uleule. Katika saratani ya titi ya mchochota, chembe za saratani huingia kwenye mishipa midogo ya limfu iliyo ndani ya ngozi na kuiziba, maji yakakosa pa kupita. Masika mtaa ukifurika, unajua mtaro umejaa. Hujui bado kama ni mchanga, ni takataka au ni jiwe, mpaka ufunue mfuniko. Hata vile vitundu vya ganda la chungwa vina maelezo hayo hayo: ngozi imevimba, lakini kwenye vinyweleo imeshikwa chini, ikabaki na mashimo. Ni dalili ya maji kwenye ngozi. Inatisha, na ni haki ituamshe, ila peke yake haithibitishi saratani.

Nikueleze kila mtuhumiwa kwa zamu, kwa sababu ukiwajua utaelewa kwa nini nakuharakisha.

Saratani ya titi ya mchochota ni adimu. Kule Marekani huhesabiwa kati ya asilimia 1 na 5 ya saratani zote za matiti. Hospitali za Tunisia na Misri zimeripoti kiwango cha juu zaidi. Uadimu huo ndio unaoiponza, kwa kuwa mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, wakati majipu ya matiti anayaona kila mara. Haiji kama saratani tulizozoea kuzitangaza kwenye mabango ya Oktoba, yaani donge gumu lisilouma. Huja kwa wiki chache, kwa kawaida ndani ya miezi sita: titi zito, lenye joto, lililovimba, mabadiliko ya ngozi yakichukua theluthi moja ya titi au zaidi, mara nyingi bila donge la kushikika. Kwa hiyo kule kutokukuta donge hakukupi kinga hata kidogo. Maumivu nayo hayakukingi. Msemo kwamba saratani haiumi umewachelewesha wanawake wengi. Na vitabu vikisema titi huwa jekundu, viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu tafuta ngozi iliyokoza kuliko ya titi la pili, ya zambarau au kahawia nzito, inayong'aa, na ukiweka mgongo wa mkono unahisi joto.

Ikithibitishwa, ugonjwa huu huhesabiwa angalau hatua ya tatu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ngozi tayari imeguswa. Hiyo ndiyo sababu sitaki upoteze wiki nyingine. Inaenda kasi, lakini pia inatibika, na walioanza tiba mapema wana nafasi nzuri kuliko waliozungushwa.

Mtuhumiwa wa pili ndiye aliyempata jirani yako: mchochota wa titi wa granuloma, ulioelezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1972. Hupenda wanawake wa umri wako, waliojifungua au kunyonyesha miaka michache nyuma. Si saratani na haugeuki kuwa saratani. Kwenye altrasaundi, mtaalamu akitulia, huweza kuona eneo jeusi linalochomoza vidole vidole kati ya tezi, mara nyingine na njia nyembamba ya usaha inayopanda hadi kwenye ngozi. Nikiona vidole hivyo, moyo wangu huegemea huko. Lakini nimesema huegemea. Saratani nayo huweza kuchora eneo jeusi lisilo na mipaka lenye kingo zilizotawanyika, na mitoki ya kwapani huvimba katika magonjwa yote mawili. Tunachotazama kwenye mtoki ni umbo lake: ukuta wa nje ukizidi milimita 3 hivi, au kile kiini cheupe cha mafuta cha katikati kikitoweka, shaka hupanda. Ripoti yako haikusema mitoki ikoje. Omba hilo liangaliwe siku ya biopsi.

Wa tatu hatuna ruhusa ya kumsahau katika nchi zetu: kifua kikuu cha titi. Chini ya hadubini nacho huonyesha granuloma, hivyo mtu anaweza kupewa jina la granuloma kumbe ni kifua kikuu. Huhitaji kukohoa ili uwe nacho.

Kuna pia uvimbe adimu kuliko hao wote, wa chembe zinazotengeneza makovu zikichanganyika na chembe za kinga, ambao kwa kawaida hukaa mapafuni au tumboni na mara chache sana kwenye titi. Huo huja zaidi kama kinundu kuliko titi zima kuvimba, na tiba yake ni kukitoa chote. Nautaja tu kwa sababu neno "mchochota" likionekana kwenye karatasi ya majibu watu huona wameshapona. Wakati mwingine neno hilo ni sehemu ya jina la uvimbe unaohitaji upasuaji.

Sasa predinisoloni. Dawa hii hupunguza mchochota wa karibu kila aina, bila kujali nani kauleta, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiinywa leo, kuna uwezekano mkubwa titi litalegea, joto litashuka, utalala usingizi mzuri, na sote tutafurahi. Kama chini kuna saratani, itaendelea kusambaa chini ya ngozi iliyotulia. Kama ni kifua kikuu au usaha, utakuwa umeufunga mkono ule ule wa mwili uliokuwa ukiuzuia. Kama ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, dawa inaweza kuvuruga chembe kiasi kwamba hata biopsi ya baadaye isisomeke vizuri. Jirani yako hakukosea kuinywa. Bila shaka aliinywa baada ya kinyama kusomwa, na hapo ndipo mahali pake. Muulize, utaniambia.

Kuhusu hofu ya mama mkwe, usimkatishe kwa ukali. Ameiona kwa macho yake. Wanawake wengi waliofika hospitali wakiwa wamechelewa walichomwa sindano na kufariki miezi michache baadaye, na familia ikaunganisha mambo mawili yaliyofuatana. Ukweli ni huu: ni kweli chembe chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano, lakini hilo halijaonekana kufupisha maisha ya wagonjwa, na njia hiyo huangukia ndani ya eneo litakalotibiwa. Sindano haiamshi kilicholala. Kinachoua ni kutojua.

Yenyewe hufanyika hivi. Unalala chali mkono ukiwa juu ya kichwa, ngozi inasafishwa na kupigwa ganzi, kisha kwa kutazama altrasaundi papo hapo mtaalamu anaelekeza sindano nene yenye kukata hadi kwenye lile eneo jeusi na kutoa vipande kadhaa vyembamba. Utasikia mlio mkali kila inapokata. Wengi hushtuka kwa mlio kuliko maumivu. Hapa ndipo altrasaundi inapofanya kazi yake kubwa: inatupeleka mahali sahihi ndani ya titi lililovimba, ambapo vidole havioni kitu. Kama unatumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu, sema kabla. Utapata mchubuko, na siku mbili tatu utaumia kidogo.

Mambo manne ya kusisitiza pale, na uyasome kwenye simu kama utayasahau. La kwanza, iwe ni sindano nene. Sindano nyembamba inayofyonza chembe ni rahisi na inapatikana hospitali nyingi zaidi, lakini hutoa chembe zilizotawanyika bila umbo la nyama, na katika hali yako majibu yake mara nyingi hayatoshi. Kama ndiyo pekee iliyopo, bora hiyo kuliko kurudi nyumbani, mradi ujue kwamba ikisema hakuna saratani bado hujamaliza. La pili, mtoki wa kwapani wenye umbo la kutia shaka nao uchukuliwe sampuli. La tatu, kipande kidogo cha ngozi yenye vitundu kichukuliwe pia. La nne husahaulika sana: kabla vipande vyote havijatumbukizwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, kimoja kitengwe kwenye chupa safi kwa ajili ya kuotesha bakteria na kupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert. Fomalini huua vimelea, na kikishaingia humo hakioteshwi tena.

Mamogramu, yaani eksirei ya matiti, inasaidia, hasa kulitazama titi la pili, ingawa titi lililovimba huuma likibanwa. Ikiwa iko mbali, isicheleweshe biopsi. Kipimo cha MRI, cha picha za sumaku, huona vizuri zaidi, ila kwa hatua hii sioni sababu ya kuuza mbuzi kwa ajili yake. Wakupime pia sukari na VVU, maana vyote viwili hubadili namna maambukizi yanavyokwenda.

Majibu yakitoka, njia zitagawanyika. Ikiwa ni granuloma na kifua kikuu kimeondolewa, jiandae kwa uvumilivu: huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, ukiwa kwenye uangalizi au kwenye predinisoloni, na baadhi hupewa methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili. Kaa mbali na anayetaka kukata kipande kikubwa cha titi haraka haraka. Vidonda vya ugonjwa huu huchelewa kufunga. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure na titi hupona bila kutolewa. Ikiwa ni jipu lililojificha, hunyonywa kwa sindano kwa kuongozwa na altrasaundi, pengine zaidi ya mara moja.

Ikiwa ni saratani, usikubali kukimbizwa chumba cha upasuaji kesho yake, hata kama kwa moyo wako ungetaka litoke leo. Kwa saratani hii mpangilio ni dripu za tibakemikali kwanza, ili ngozi itulie na chembe zilizotawanyika zipungue, kisha upasuaji wa kutoa titi pamoja na mitoki ya kwapani, kisha mionzi. Kukata kwanza huacha chembe kwenye ngozi inayoshonwa, na ugonjwa hurudi palepale kwenye mshono. Kabla ya dripu, kipande kilekile cha biopsi kinapaswa kupimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni pamoja na protini iitwayo HER2, kwa sababu vinaamua dawa gani ziongezwe. Hakikisha havijasahauliwa. Tanzania tiba ya saratani iko Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza na KCMC Moshi. Kama uko Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Moi pale Eldoret. Gharama zikikuelemea, usiondoke kimyakimya: uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo kabla hujaamua kurudi nyumbani.

Kuna jibu moja ninalolihofia kuliko yote, kwa kuwa huwarudisha watu nyumbani na tabasamu. Ni karatasi inayosema "mchochota tu, hakuna chembe za saratani" wakati titi bado ni zito na ngozi bado ni nene. Sampuli inaweza kuwa ilichukuliwa pembeni ya tatizo. Hapo biopsi hurudiwa, ngozi ikijumuishwa, na anayesoma kinyama akae na aliyesoma picha wazungumze.

Wakati unasubiri, usilikande titi kwa maji ya moto, usichanje, usipake dawa ya kuunguza. Dawa ya maumivu kama parasetamoli na sidiria inayoshikilia vizuri vinatosha. Nenda hospitali usiku huohuo, bila kungoja tarehe ya biopsi, ukipata homa ya kutetemeka, ngozi ikipasuka au kutoa usaha, mkono wa kushoto ukivimba, au pumzi ikianza kukubana. Ukienda, beba picha zenyewe za altrasaundi pamoja na ripoti, na majina ya antibayotiki zote ulizotumia na siku ulizozitumia.

Na kwa mama anayenyonyesha atakayesoma haya akaingiwa na hofu: titi lako likivimba na homa juu, kwa kawaida ni maziwa na maambukizi, na ukitibiwa vizuri unapaswa kuanza kuona nafuu ndani ya siku mbili tatu. Endelea kunyonyesha. Likikaa wiki mbili bila kurudi hali yake, na wewe ufanyiwe altrasaundi.